Vidole vya Fundi Kioo

Jina la Fundi Kioo alipewa na wateja wake. Akishamaliza kuisugua sakafu, mwenye nyumba huinama akajiona mpaka meno. Miaka arobaini na mitatu amepiga magoti juu ya sakafu za terazo za watu, jiwe mkononi na ndoo ya maji pembeni. Ukiona hospitali au hoteli katika mji ule ina sakafu inayong'aa, ujue magoti ya mzee huyu yamepita hapo. Ila kupanda ndege hajawahi. Hata pasipoti aliipata juzijuzi tu, na kila jioni aliitoa kabatini, akaitazama picha yake, akairudisha taratibu utadhani ni yai.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwa dada yake. Mama yao alipofariki, fundi alikuwa na miaka minne na dada yake alikuwa na miaka kumi na mmoja, na dada huyo ndiye aliyemlea. Baadaye aliolewa ng'ambo, ikapita miaka thelathini ya simu na picha. Sasa moyo wa dada ulikuwa umechoka. Madaktari walitaka kumpasua tarehe thelathini, naye akagoma.

"Siingii chumba kile kabla sijamwona mdogo wangu," alisema kwenye simu. "Wakitaka wanisubiri."

Fundi alicheka sana kusikia hivyo, kisha akaenda uani akalia.

Ofisi ya viza ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo refu. Fundi alipoingia, macho yake yalikwenda kwanza sakafuni, ungetegemea nini? Nusura avue viatu. Alipoinua kichwa ndipo alipoona watu. Walikuwa zaidi ya mia, wamekaa kimya kama watahiniwa, kila mmoja na bahasha kifuani, wote wanatazama namba zinazobadilika ukutani. Kicho kilimshika. Kumbe kila mmoja hapa ana mtu wake upande wa pili wa dunia, aliwaza, na dunia yote hiyo inapita kwenye madirisha sita.

Namba yake iliitwa dirisha la nne. Karani alikuwa binti mwenye miwani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Karatasi zilikuwa sawa zote, kwa kuwa binti yake wa mwisho alizipanga, na huyo hakosei. Kisha karani akamwonyesha kijimashine chenye kioo. "Weka vidole vinne vya kulia hapa."

Akaweka. Taa nyekundu. Akafuta vidole kwenye suruali, akarudia. Nyekundu. Wakajaribu mkono wa kushoto, wakajaribu gumba, wakajaribu na kitambaa chenye maji. Nyekundu tupu.

"Baba, huna alama za vidole," karani alisema kwa sauti ya chini, akamgeuzia skrini. Palikuwa na madoa manne meupe, laini kama mayai yaliyomenywa. "Unafanya kazi gani?"

"Nasugua sakafu."

"Basi mawe yamezila. Lakini hata kwa mafundi huwa zinabaki kidogo. Hizi zimekwisha kabisa. Umefanya nini?"

Fundi Kioo alikohoa, akamweleza. Asubuhi ile aliona aibu kwenda mbele ya watu wa serikali ya kigeni na mikono yenye saruji kwenye mistari. Kwa hiyo akachukua jiwe lake laini kuliko yote, lile la mwisho, la kutolea mng'ao, akajisugua kidole kimoja kimoja kwa maji na sabuni mpaka vikameta. Mkewe hata alimsifu.

Karani aliziba mdomo. Akajitahidi, akashindwa, akacheka mpaka machozi. Fundi naye akacheka, kisha akauliza.

"Kwa hiyo siendi?"

"Bila alama ombi halipokelewi. Ila usikate tamaa, baba, ngozi huota. Alama zimechorwa ndani, chini kabisa. Wewe unafuta juu, chini zinapanda tena, zilezile. Kapumzishe mikono siku kumi na mbili. Usiguse jiwe, saruji wala sabuni, na upake mafuta asubuhi, mchana na jioni. Nakupa miadi ya tarehe ishirini. Zikisoma, majibu ni siku tano."

"Zilezile?"

"Zilezile ulizozaliwa nazo."

Nyumbani mkewe aliyafungia mawe yote sandukuni, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Alimkataza kuosha hata kikombe. "Nimeolewa na fundi, leo namtunza bwana harusi," alilalamika, huku akimpaka mafuta kwa mikono miwili. Fundi alikaa kitini akiteseka. Ufa mdogo kwenye sakafu ya jirani ulimkosesha raha siku tatu nzima.

Alimpigia dada simu akamweleza. Dada alicheka mpaka akakohoa.

"Umejisugua mwenyewe! Toka mdogo ulikuwa hivyo, sufuria ulizisugua mpaka zikatoboka." Kisha akaongeza, "Lakini njoo."

"Nakuja, dada."

Siku ya saba, ameketi dirishani na miwani ya mkewe, aliona kitu kwenye kidole cha shahada. Vilikuwa vijistari vyembamba kuliko uzi, vimepinda pamoja.

"Mama watoto! Njoo uone!"

Waliinama wote wawili, vichwa vikigusana. Siku ya tisa vilikuwa vimepanda kwenye vidole vyote. Fundi alivigeuza vidole mwangani. Miaka arobaini na mitatu yeye anafuta, na ndani yake kuna kazi inaendelea, mistari inachorwa upya bila kukosea hata mmoja, na hajawahi kusikia chochote.

"Fundi gani huyu asiyechoka?" aliuliza, na sauti ilimtoka ya chini kama ya mtu aliye mahali patakatifu. Aliogopa, na alifurahi, vyote pamoja.

Tarehe ishirini alirudi dirisha la nne. Vidole vya kulia, kijani. Vya kushoto, kijani. Vikabaki vidole gumba. Karani akasita.

"Hiki cha kulia kina kitu."

Fundi akasogea karibu. Karani akageuza skrini, na kidole kikajaa pale, kikubwa kama sahani, mistari ikizunguka na kuzunguka. Katikati, mstari mmoja wa mshazari ulikuwa umeikata yote.

"Ni kovu, baba. La zamani sana. Halina tatizo, tena linakutambulisha vizuri zaidi."

Fundi aliliinamia. Alikuwa amelisahau. Alikuwa na miaka mitano, dada anamfundisha kumenya kiazi, kisu kikateleza mkononi mwa dada. Dada alikiweka kidole kile mdomoni mwake, kisha akachana sare yake ya shule, aliyokuwa nayo moja tu, akamfunga. Dada ndiye aliyelia zaidi.

"Swali la mwisho," karani alisema. "Unakwenda kumwona nani?"

Jibu alikuwa amelikariri wiki nzima, jina kamili, anwani na uhusiano. Lote likamtoka kichwani. Akaweka kidole kwenye skrini, juu ya kovu.

"Aliyenikata hapa," alisema. "Dada yangu."

Tarehe ishirini na tisa, mwanamke mwembamba aliyelala kitanda cha hospitali alimwona mzee akiingia na koti begani. Alimshika mkono wa kulia, akaugeuza, akakisogeza kidole gumba karibu na macho yake, akalitafuta kovu mpaka akaliona. Kisha akamgeukia muuguzi.

"Haya, waambie madaktari niko tayari."