Gitaa la Baba Kwenye Albamu Mpya

Binti mkubwa walimwita Kiranja tangu darasa la pili, na jina likamkaa hasa. Kila kitu lazima apange yeye: nani asimame wapi, nani avae nini, nani anywe maji saa ngapi. Katika kundi lao la nyumbani, yeye, mdogo wake wa kiume na kitindamimba wao waliimba, na baba yao, kinyozi kwa kazi, alipiga gitaa. Walitoa albamu mbili kwa mtindo huo, na watu wakazipenda. Ya tatu ndiyo iliyomtoa Kiranja machozi, na sikufichi, alijitakia mwenyewe.

Walitaka sauti mpya. Vijana wenzao walishaanza kuwaita kundi la harusi za wazee, na maneno hayo yaliwachoma. Wakampata fundi mitambo mmoja kijana, mwenye studio ndogo na midundo ya kompyuta inayotikisa vioo vya dirisha. Siku ya kwanza tu, baba akiwa bado nje anafuta vumbi kwenye gitaa, fundi akawaambia bila kuzunguka, "Gitaa la mzee haliingii humu. Mkiliweka, hii itakuwa albamu yenu ya zamani tena."

Ndugu watatu wakatazamana. Kitindamimba akasema, "Basi tumwambie." Kaka yake akakohoa, akatazama viatu vyake. Kiranja ndiye aliyekata shauri.

"Mwacheni apige. Tutalifuta baadaye."

Aliona huo ndio upole. Heshima, eti.

Sasa, baba yao alikuwa na sheria moja aliyowalea nayo: wimbo haukatwi katikati. Ukikosea, songa mbele. Mwenzako akikosea, mwache amalize, ndipo useme. Basi kwa siku tatu baba alifunga duka lake la kunyolea, akaketi studio, akapiga nyimbo zote kumi mwanzo hadi mwisho, jasho linamtiririka, na hakuna aliyemkata. Kila wimbo ukiisha alivua vipokea sauti vya masikioni, akamgeukia binti yake, wala si fundi.

"Vipi, mwanangu?"

"Safi, baba."

Mara kumi alimjibu hivyo. Hata moja ilikuwa nyingi.

Mama yao alipopata habari hakupindisha maneno. "Nenda ukamwambie baba yako kabla hajasikia mwenyewe." Alisema hivyo jikoni, akarudia sebuleni. Kiranja akaitikia vizuri kabisa. Lakini leo baba amechoka. Kesho ana wateja wengi. Keshokutwa ameamka na furaha, nani amharibie siku? Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu. Siku zikakatika, albamu ikatoka.

Asubuhi hiyo alikimbia hadi dukani, akafika anatweta, na kumbe amechelewa. Spika ilikuwa imewekwa juu ya kabati la taulo, na viti vyote vimejaa. Mteja mmoja alikuwa amenyolewa upande mmoja tu, anasubiri kama wengine.

"Karibu, mama, umekuja wakati wenyewe," baba akasema, uso unang'aa. "Jamani, huyu ndiye anayetuongoza. Sasa tulieni. Hapa anaimba yeye, halafu gitaa linaingia."

Halikuingia.

"Bado," akasema, kidole hewani. "Ni kwenye kiitikio."

Kiitikio kikaja, kikapita. Kiranja alisimama mlangoni. Zilikuwa hatua nne tu mpaka kwenye spika. Lakini hakuwahi kukata wimbo maishani mwake, na mbele ya baba yake ndiyo kabisa hangethubutu.

"Huu wa pili niliupiga kwa mbali," baba akawaeleza. "Tegeni masikio." Nao wakatega, watu wazima na heshima zao, wakainamisha vichwa kuelekea kwenye spika, wanatafuta kitu ambacho Kiranja alijua hakimo. Wa tatu ulipoanza, mteja mmoja mwenye kipara, aliyekuja kunyoa ndevu, akauliza, "Mzee, gitaa lako limeenda chooni?"

Duka zima likaangua kicheko. Baba naye akacheka, tena kuliko wote. Kisha akawasha mashine, akamalizia ule upande wa pili wa kichwa cha mteja wake. Hakutangaza wimbo mwingine, wala hakuinua macho kumtazama binti yake, mpaka zote kumi zikaisha.

Watu wakapiga makofi. "Watoto wameiva, mzee."

"Wameiva," akasema. "Wameiva kweli."

Alipokwenda nyuma ya pazia kusuuza brashi, Kiranja akamfuata. Yote aliyoyapanga njia nzima yalikuwa yameyeyuka.

"Baba, nilitaka kukuambia."

"Zile siku tatu," baba akasema, maji yanatiririka, "mlikuwa mnajua?"

"Ndiyo, baba."

"Tangu ya kwanza?"

"Tangu ya kwanza."

Akaizungusha brashi chini ya bomba muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kiranja alikuwa amejiandaa kufokewa. Alitamani kufokewa.

"Midundo mizuri," baba akasema. "Sauti zenu zimetoka vizuri. Hata mimi ningeliondoa." Akafunga maji, akajifuta mikono. "Mngeniambia tu. Ningekuja vilevile. Ningewabebea hata nyaya."

Kiranja akaanza kulia, akaziba mdomo wateja wasisikie. "Nisamehe, baba. Jumamosi utakuja kwenye onyesho letu la albamu? Tafadhali."

"Nitakuja, kwa nini nisije?" Akampigapiga begani, kwa upole ule anaowapa watoto wa watu wanaoogopa mashine. "Nitakata tiketi, nikae na mama yenu."

Akavuta pazia, akarudi mbele, akauliza nani anafuata.