Siku Redio Aliponyamaza

Mtaani wanamwita mume wangu Redio, na hawakukosea. Tunatengeneza mito ya kulalia: mimi nashona foronya, yeye anajaza sufi. Mteja akikanyaga kizingiti tu, Redio anafunguka. Sufi halisi! Mshono mara mbili! Hauozi, hauvundi! Mto wenyewe kauvika nailoni, na ole wako uuguse. Mteja anaitikia mpaka shingo inamchoka, anasema atapita kesho. Kesho hiyo hatujaiona mpaka leo.

Kaka yake alikuwa amemtafutia kazi ya kulinda ghala, zamu ya usiku, na alitaka jibu jioni ile. Mimi nilinuna tangu asubuhi. Sikuolewa ili nilale peke yangu, nasema wazi.

Mchana ikanyesha mvua ndogo isiyo na haraka. Nyuzi za sufi zilielea kwenye mwanga wa dirisha, zikishuka, zikipanda tena, kama hazijaamua pa kutua. Muuguzi mmoja aliyetoka zamu akaingia kujikinga, akakaa kwenye benchi. Redio akaanza. Dada wa watu akavuta mto ambao ulikuwa bado haujavishwa nailoni, akauegemeza ukutani, akaweka shavu. Kabla Redio hajafika kwenye mshono, kalala.

"Ataudondoshea mate!" Redio akaruka.

"Mguse uone," nikamwambia, mkasi mkononi.

Basi akakaa. Tukawa tunamwangalia yule mwanamke anavyopumua, na chumba chote kikaanza kupumua naye. Hata cherehani niliiacha.

Jirani yetu mzee, muuza vyombo, akachungulia mlangoni. Alimwona aliyelala, akavua viatu bila kuambiwa, akaingia kwa kunyata. Redio akafungua kinywa, mimi nikainua mkasi. Sasa, "hauozi, hauvundi" utaisemaje kwa kunong'ona? Alihangaika, kisha akaishia kuuliza, "Mzee, wewe unalalaje?"

Mzee akafikiri. "Kwa ubavu," akanong'ona. "Tangu mama watoto aondoke nalala upande wake. Bega linaniuma."

Redio hakusema kitu. Naapa, hakusema kitu! Alichukua mto, akauvua nailoni, akatoa sufi konzi moja, akaubonyezabonyeza, akampa. Mzee akaulalia pale pale, amesimama, mto kaushika viganjani, kichwa kimeinama juu yake. Alipofumbua macho alitoa hela bila kuuliza bei mara mbili.

Wakaja wengine, maana mlango uliokuwa wazi ulionyesha mtu kalala fofofo dukani. Kila mmoja aliingia kwa kunyata, kila mmoja aliulizwa analalaje, akajibu kwa kunong'ona mambo ambayo mtu hamwambii muuzaji. Mmoja hulala kifudifudi akiogopa ndoto. Mwingine hukumbatia mto badala ya mwanawe aliye mbali. Ikafika mahali sikujua ipi ni mvua na ipi ni sauti za watu. Redio aliinamisha sikio, akipunguza sufi hapa, akiongeza pale.

Giza lilipoanza kuingia, muuguzi akaamka, akaona haya. "Jamani! Nimeota nimefika nyumbani." Akaununua mto wake, akaondoka nao kifuani.

Rafuni ukabaki mmoja. Redio akampigia kaka yake simu. "Kaka, shukrani sana. Ila usiku nitakuwa kwangu." Moyo wangu ukatua.

Akanigeukia, bado ananong'ona. "Na wewe, mke wangu, unalalaje?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza.

"Kwenye mkono wangu," nikasema. "Ulisema mito ni ya kuuza."

Akautazama mkono wenyewe. Mlango ukagongwa, mtu akauliza kama mito imebaki.

"Imeisha," Redio akajibu, huku ameushika ule wa mwisho. Akauvua nailoni, akaniuliza kama naupenda mnene au mwembamba.