Boksi la Damu Msibani

Harufu ndiyo iliyompokea Losivale Jumatatu asubuhi, kabla hajafika mlangoni pa zahanati. Boksi lake lilikuwa limetupwa juani na siafu wamelivamia. Ndani, vichupa mia na arobaini vya damu ya watoto: vingine vimepasuka, vyote vimeoza. Alikuwa nesi kwa miaka kumi na tisa, ameosha vidonda vya kila namna, lakini alitapika palepale.

Akaenda kufungua friza. Miguu ya nguruwe, juu mpaka chini.

"Etuale!"

Mkuu wa zahanati alitokea nyuma akitafuna, mafuta yakimchuruzika kidevuni. "Taratibu, dada. Chifu wetu Mzee Lemauga kafiwa na mama yake. Chifu anaomba mahali pa kuweka nyama ya msiba, wewe ungemnyima?"

"Tangu lini hii?"

"Jumamosi. Sasa ndiyo nini?"

Miaka minne Losivale alikuwa akiwatoa damu watoto walewale, apime kinga ya chanjo ya surua imebaki kiasi gani mwilini. Kila mwaka ilizidi kushuka. Kipimo cha mwaka huu ndicho kingeamua kama kisiwa kitapewa chanjo ya nyongeza, na meli ya kupeleka damu maabara ilikuwa Jumatano.

"Andika namba za mwaka jana, punguza kidogo," Etuale alisema huku akilamba vidole. "Nani atajua?"

"Surua itajua, mshenzi wewe."

Alimtia kinyaa kuliko lile boksi. Lakini kinyaa kibaya zaidi kilikuwa tumboni mwake mwenyewe. Jana baada ya ibada aliletewa fungu lake la nguruwe, heshima ya nesi, naye alilifakamia lote bila kuuliza lilihifadhiwa wapi.

Mzazi gani angekubali mwanawe adungwe tena kabla ya Jumatano kwa uzembe wa watu wazima? Kuwadanganya hakutaka. Alilifunika boksi kwa kitambaa, akalibeba hadi msibani.

Kwenye msiba wa kwao hakuna kinachoingia kimyakimya. Mpiga mbiu husimama uwanjani akatangaza kila kilicholetwa na aliyekileta. Alipolifunua boksi, alirudi nyuma hatua mbili.

"Sista, hiki nini tena?"

"Tangaza, baba. Si ndiyo kazi yako?"

Mpiga mbiu alipaza sauti. "Boksi moja! Limeletwa na nesi Losivale! Vichupa mia na arobaini... damu ya watoto wetu! Imeoza!"

Watu wakaacha kutafuna.

"Malizia," Losivale alisema. "Ilitolewa kwenye friza ili nyama ya msiba ipate nafasi. Na mimi nyama hiyo nimeila."

Mpiga mbiu alirudia neno kwa neno. Kisha Losivale akampa kichupa cha juu asome jina.

"Tiresa... Tiresa Lemauga."

Mjukuu wa chifu alikuwa pale pale mkekani, sahani mapajani. Nzi waliofuatana na boksi wakahamia kwenye nyama, na hakuna aliyeinua mkono kuwafukuza. Mzee Lemauga aliweka chini mfupa wake, akajifuta mikono mara tatu, akamsogeza mtoto mbele.

"Anza na huyu, mwanangu. Wengine wote watafuata leo hii. Nimesema."

Tiresa alificha mkono mgongoni.

"Lakini sista, si ulinitoa damu juzijuzi? Ile ya juzi mmeifanyia nini?"

Watu wazima wote wakatazama sahani zao.