Mstari wa Tatu wa Karatasi

Mwalimu alikuwa amefundisha Kiingereza miaka kumi na tisa, na katika ukoo wao hakuna barua ya Kiingereza iliyofunguliwa bila yeye kuitwa. Za bima, za benki, hata maelezo ya kutumia pasi ya umeme, zote zilimngoja. Baba yake, seremala mstaafu mwenye ugonjwa wa moyo, alimwita bintiye huyu Ticha. Mwenyewe alijifanya kuchoshwa na jina hilo, kumbe linamtekenya.

Jumatatu moja baba alirudi kutoka kwa daktari wa meno na karatasi ya maelekezo, akamkabidhi hata kabla ya kuvua viatu. Gego lake bovu lingeng'olewa Alhamisi. Mwalimu aliisoma wima wima, mkoba wa madaftari begani. Mstari wa tatu ulisomeka: "Hold blood tablets until Thursday."

"Dawa yako ya damu uishikilie mpaka Alhamisi," alisema. "Usiruke hata siku moja."

Baba alijikuna kidevu. "Una hakika? Ile dawa inafanya damu iwe nyepesi. Nikijikata kidogo wakati wa kunyoa, natiririka kama bomba. Nilidhani wataniambia niiache."

"Baba, 'hold' ni shika. Watoto wa darasa la tatu wanalijua hilo."

"Haya, Ticha. Mimi najua misumari tu."

Alimeza dawa Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na Alhamisi asubuhi akaimeza kwa chai. Daktari wa meno alipomuuliza kama amefuata karatasi, alijibu ameifuata yote. Jino lilitoka bila matata. Damu ndiyo iliyogoma kusimama. Mwalimu alipotoka shule saa tisa alimkuta mama yake akikamua taulo la tatu kwenye beseni, na baba ameinamisha kichwa, midomo imepauka. Wakamkimbiza hospitali.

"Nani alimwambia aendelee na dawa?" muuguzi mkuu aliuliza baada ya kuisoma karatasi. "Si ameandikiwa asitishe?"

Mwalimu aliinama kuusoma tena mstari wa tatu.

"Nilisahau, dada," baba alisema kutoka kitandani, pamba mdomoni. "Uzee huu."

Muuguzi akamsomea risala ndefu juu ya wazee wasiosikia. Mama naye akadakia, na kwa siku tatu kila mgeni aliyekuja alisimuliwa ubishi wa mzee. Baba aliitikia kwa kichwa huku akiongezewa damu. Mwalimu alikaa pembeni akimenya machungwa ambayo hakuna aliyeyala.

Shuleni, wakati wa mapumziko, alifungua kamusi kubwa. Neno lile dogo lilikuwa limejaza ukurasa na nusu: kushika, kubeba, kuzuia, kumiliki, kufanya mkutano, kungoja kwenye simu. Karibu na mwisho kulikuwa na kusitisha kwa muda. Angeulizwa katika mtihani angezitaja maana hizo zaidi ya nusu. Baba yake alimuuliza mara moja tu, tena na sababu akampa, naye akamziba mdomo kwa darasa la tatu.

Siku ya nne alingoja muuguzi afike kubadilisha chupa ya dripu, na mama yupo.

"Baba hakusahau," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia ameze. Nilitafsiri vibaya."

Mama aliacha kukunja shuka. Muuguzi alimtazama kidogo, akaandika kitu kwenye faili, akaondoka na chupa tupu.

"Nani kakutuma?" baba aliuliza kwa hasira. "Yalishakwisha. Nilishayabeba."

"Hayakuwa yako, Baba."

Mama alichukua shuka, akatoka nje nayo, na hakurudi mpaka muda wa kuwaona wagonjwa ukaisha.

Baba alipona, akarudi nyumbani mwembamba na mwenye hamu ya kula. Mama alimsamehe bintiye kwa namna yake: alianza tena kumpakulia chakula. Baada ya mwezi mmoja Mwalimu aliingia sebuleni akakuta mezani barua ya hospitali, imekwisha kufunguliwa. Pembeni, kwa mwandiko wa jirani yao, mkunga wa nyumba ya tatu, maelekezo yote yalikuwa yameandikwa kwa Kiswahili.

"Ulikuwa na madaftari mengi," baba alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiifuta.

"Ndiyo, Baba," alijibu, akaiacha barua pale ilipokuwa.