Pangaboi Ndani ya Eda

Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hiyo ndiyo eda, wala haikuanza jana. Hajitii wanja, hajifukizi udi, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni. Basi Mauza alikaa. Alikaa katika chumba cha kupanga, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, amevaa nguo nyeupe, mwaka ule wa sabini na tano ambao soko jipya lilikuwa linajengwa na nyundo zake zinasikika mpaka kitandani.

Miezi minne, jamani! Wewe unayeona ni michache, hebu kaa ndani siku nne tu uone saa za mchana zinavyonyooka. Jua linaingia dirishani, linapanda ukutani taratibu, linatoka bila kuaga. Muuza kahawa anapita akigonga vikombe vyake, unamsikia anakuja, unamsikia anakwenda, na katikati hapo umeshasinzia, umeota, umeamka, na bado ni alasiri ileile.

Mauza aliota waya. Kila alipofumba macho aliuona, waya mwembamba wa shaba, unatoka chini ya mlango wa chumba chake, unakata Mtaa wa Msimbazi ambao katika ndoto haukuwa na mtu hata mmoja, unakwenda mpaka Gerezani. Yeye anaufuata pekupeku, anauzungusha mkononi, anahesabu. Mbele yake anatembea marehemu mumewe, Humoud, mgongo tu, shati lake la kaki limelowa jasho. Hageuki. Kila akikaribia kumfikia, hesabu inampotea, naye analazimika kurudi mlangoni kuanza moja.

Huko Gerezani kulikuwa na karakana ya mafunzo. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, walichukua wanawake kumi kuwafundisha kusuka mota zilizoungua: kutoa waya ulioteketea, kuhesabu, kupanga koili mpya, kufunga, mpaka chuma kilichokufa kizunguke tena. Mtaa mzima ulicheka. Mwanamke na mota, wapi na wapi? Lakini Humoud, dereva wa lori, alimwambia mama yake, "Mwache ajifunze, mama. Mimi mtu wa barabarani, na barabara haina ahadi." Maskini, wala barabara haikumgusa. Homa ya siku tatu ilimchukua akiwa kitandani mwake, mkewe akiwa amebakiza miezi michache tu kumaliza mafunzo.

Mama huyo ndiye Bi Sabaha, na sasa walikuwa wamebaki watatu chumbani: yeye, Mauza, na Zeina, binti wa Mauza, aliyekuwa darasa la tatu na ambaye bibi yake alimpenda kuliko macho yake mwenyewe. Arubaini haijaisha, ikaja barua kutoka Kilwa. Mbaruk, mdogo wake marehemu, aliandika kwamba eda ikimalizika atakuja kuwachukua wote. Hakuuliza, alisema. Bi Sabaha aliibusu ile barua. Mauza aliisoma akaikunja, maana alilijua jiko la mke wa Mbaruk na aliijua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Njia ya kukwepa jembe hilo ilikuwa moja tu. Waliofaulu jaribio la mwisho pale karakanani wangeajiriwa na shirika moja la umma, mshahara kila mwisho wa mwezi. Angelipa kodi ya chumba mwenyewe, Zeina angebaki shuleni kwake, na asingemwomba mtu chumvi.

Ila tarehe ya jaribio ilikuwa siku tisa kabla ya eda kuisha. Siku tisa! Bahati nyingine zina roho mbaya, wallahi.

"Wapo masheikh wanaosema mjane mwenye haja anaweza kutoka mchana," Mauza alijaribu siku moja.

"Wapo," akajibu Bi Sabaha. "Wangu hasemi."

Kama si Scholastika, hadithi ingeishia hapo. Scholastika alikuwa mwanafunzi mwenzake, msichana wa Songea, Mkatoliki, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Kila alasiri akitoka karakanani alipita. "Shikamoo bibi!" "Marahaba," anajibu Bi Sabaha kwa meno yaliyofungwa. Kisha anakaa mkekani na kusema somo lote la siku ile, neno kwa neno. Mauza anaandika katika daftari kwa herufi za Kiarabu, zile alizofundishwa chuo cha Kurani, maana herufi za kizungu bado alikuwa anazisoma moja moja kwa kidole. Pale karakanani hilo lilimwaibisha sana; wenzake walisoma michoro, yeye akikodoa macho. Lakini chumbani hapa, akisomewa na Scholastika na kuandika kwa mkono wake mwenyewe, mambo yalimwingia. Scholastika alimletea kipande cha mbao na mabaki ya waya, naye akawa anazungusha na kuhesabu mchana kutwa, akilala anazungusha na kuhesabu, mpaka ikawa hajui tena lipi ni ndoto na lipi ni zoezi.

Siku moja aliamka akamkuta Bi Sabaha amelishika daftari. Akainuka haraka, maana mama mkwe alikwishaapa kulichana. Lakini Bi Sabaha alikuwa amevaa miwani, anasoma kwa midomo kama anasoma uradi.

"Tundu la kwanza... toka la nne..." Akatazama juu. "Koili ndiyo mdudu gani?"

Mauza akamweleza, toka kicha cha waya uliozungushwa mpaka chuma kinachozunguka. Bi Sabaha akasikiliza mpaka mwisho, akalifunga daftari, akasema, "Upuuzi," akalirudisha mahali pake. Hakulichana.

Wiki moja kabla ya jaribio, mwalimu wao, Filbert, alikuja kukaa barazani, nyuma ya dirisha lenye pazia, akatoa pole, akasema alilojia. Mtahini amekubali jaribio lifanyikie nyumbani. Hawataingia wanaume. Lakini lazima awepo chumbani shahidi mtu mzima, mwenye kuaminika, asiye na faida yoyote ikiwa Mauza atafaulu.

Mle ndani mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, na wote walimjua.

"Yeye hatoki, na ninyi hamwingii," Bi Sabaha akasema mwishowe. "Nikatae nini? Njooni." Baadaye, wakiwa wawili, akamwambia Mauza bila kuzungusha maneno, "Nimekubali ili ushindwe mwenyewe. Usije ukasema Kilwa nilikupeleka kwa kamba." Mauza alilia siku ile. Alilia kwa hasira, na hasira ikamkausha machozi, akachukua mbao yake.

Siku ilipofika waliletewa pangaboi, feni ile ya kuning'inia darini, limeungua ndani likawa jeusi tii. Mwalimu Filbert na mtahini, Ndugu Pantaleo, mtu wa maneno machache, wakakaa barazani na kahawa yao. Scholastika, aliyekwisha kufanya jaribio lake jana yake, aliruhusiwa kupitisha vifaa mlangoni tu, asivuke kizingiti.

Koili nane, kila moja mizunguko mia tatu. Mauza aliketi mkekani akaanza, na mara tu waya ulipogusa kidole, chumba kikawa mbali. Zikapotea nyundo za soko, ukapotea mtaa. Akajikuta yuko njiani kule anakokujua, anaufuata waya wake, na mgongo wa Humoud uko mbele. Safari hii hesabu haikumpotea. Moja, mbili, mia, mia mbili. Pembeni Bi Sabaha ameketi kitini, tasbihi mkononi, midomo inacheza. Anasali nishindwe, Mauza aliwaza, na wazo lilimchoma.

Kwenye koili ya tano ikaadhiniwa adhuhuri. Mauza alisimamisha mkono kwa heshima ya adhana, ilipoisha akaendelea, akafika mia tatu, akaifunga koili. Akaishika. Kitu hakikumkaa sawa. Akaitia kiganja cha kulia, ile ya nne akaitia cha kushoto, akafumba macho, akazipima. Ya tano nyepesi! Akamtazama Bi Sabaha, na Bi Sabaha akaangalia ukutani. Basi Mauza akaifumua yote, jasho linamtoka, akaanza tena moja.

Kazi ilipokwisha, Scholastika alipitisha kopo la vanishi ya kupaka kwenye nyaya. Bi Sabaha akasimama wima.

"Hiyo inanukia! Mwenye eda hagusi manukato!"

"Bibi," akasema Scholastika, "njoo unuse mwenyewe. Marashi gani haya ya kutoa mtu machozi?"

Bi Sabaha akanusa, akapiga chafya tatu mfululizo, na barazani Mwalimu Filbert akashindwa kujizuia, akacheka. "Paka," akasema yule mama, huku anafuta macho. "Hakuna malaika atakayeyaita hayo manukato."

Mota ikakaushwa uani juani mpaka alasiri. Bi Sabaha mwenyewe akaibeba kuipeleka barazani, Ndugu Pantaleo akaipima kwa kipimo chake, akairudisha. Ikaning'inizwa kwenye ndoano ya darini, ikavishwa mapanga yake. Mauza akabonyeza swichi.

Kwanza kimya. Halafu ikaguna, ikajivuta, panga moja likapita, la pili, la tatu, na upepo ukateremka. Miezi minne ya joto ikaanza kuzunguka chumbani na kutoka nje. Karatasi zikaruka, shuka ikajaa hewa, na Mauza alisimama chini yake, uso juu, haamini. Barazani Ndugu Pantaleo aliinamisha kichwa akisikiliza kwa muda mrefu.

"Inazunguka vizuri," akasema. "Sasa bibi, nakuuliza wewe shahidi. Kazi hii ameifanya mwenyewe, bila kusaidiwa?"

Bi Sabaha akalitazama pangaboi. Neno moja tu lingetosha, hapana, na nani angebisha? Zeina angekwenda Kilwa na bibi yake, na bibi angezeeka na mjukuu magotini. Feni ilizunguka. Bi Sabaha aliinua tasbihi yake.

"Hii ina punje tisini na tisa," akasema. "Mara tatu, na punje tatu juu, ndiyo mia tatu yenu. Nimemhesabia koili zote nane. Ya tano alipitiwa na adhana, akaruka hamsini." Akaishusha tasbihi. "Niliona. Nikanyamaza, nilitaka ashindwe, Mungu anisamehe. Akaipima mkononi, akaijua, akaifumua mwenyewe. Hakusaidiwa na mtu. Hata mimi niliyekuwa na wajibu wa kumtakia heri, sikumsaidia."

Ilisikika kalamu ya Ndugu Pantaleo ikiandika. "Amefaulu," akasema, na kwa furaha Mwalimu Filbert akainuka kumpongeza mwanafunzi wake. Papo hapo upepo wa pangaboi ukalipeperusha pazia la dirisha. Bi Sabaha akaruka, mwanamke wa umri ule, akalikamata kwa mikono miwili.

"Kaa chini, mwalimu! Zimebaki siku tisa. Siku ya kumi mtamwona hukohuko Gerezani, na nitamleta mimi."

Wanaume wakaenda zao. Pangaboi wangelifuata kesho. Scholastika alikimbia kuutangazia mtaa. Mauza akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usizime," akasema Bi Sabaha. Alikuwa amekaa kitandani chini ya upepo, anatokwa na machozi waziwazi, hata hayafuti. "Humoud alisema nikuache ujifunze. Nilidhani anakupendelea tu."

Mauza akaja kukaa karibu naye. Tangu siku ya maziko hawakuwa wamekaa hivyo, bega kwa bega. Baada ya muda Bi Sabaha akalichukua daftari, akafunua ukurasa wa mwisho ambao haukuwa na kitu, akauchana. Akavaa miwani, akaomba kalamu, na kwa herufi zilezile za chuoni akaandika pole pole, karatasi ikimpeperuka chini ya kidole:

*Mbaruk mwanangu, usije kutuchukua. Mauza ana kazi.*