Jani la Thérèse

Waingereza wana mambo. Majani yakishakufa na kuanguka, wanawaita wazazi waje kuyabandika kwenye karatasi. Ndivyo ilivyokuwa kwenye shule moja ya msingi huko Harrow, Oktoba ya mwaka 2001. Kila mtoto alitakiwa kutengeneza mti wa ukoo, kila jani liwe mtu. Marie-Claire alikuja moja kwa moja kutoka kwenye kazi yake ya usafi, mikono ikinuka jiki, akajibana kwenye kiti cha watoto.

Armelle, mwenye miaka saba, alishaandika “Mama” kwenye jani la manjano. Juu yake akabandika jani jekundu, zuri kuliko yote, akaandika “Mama Thérèse”.

Marie-Claire akageuka kuona kama kuna aliyelisoma. Thérèse alikuwa dada yake. Aliuawa Bukavu, akaacha kitoto kinachonyonya, na Marie-Claire ndiye aliyekibeba mgongoni mpaka London. Afisa wa uhamiaji alipomuuliza huyu ni nani, alijibu kama mtu yeyote wa kwao: mtoto wangu. Kwao mdogo wa mama ni mama, basi, yamekwisha. Lakini Kiingereza ni kichoyo, kinampa mtoto mama mmoja tu, na jibu lile la kweli huku lingeitwa uongo. Ombi lao la kubaki nchini lilikuwa bado halijaamuliwa.

Mwalimu, Miss Marion, alisimama nyuma yao. “Armelle, una mama wawili?”

“Mama Thérèse alikufa,” Armelle akajibu kwa Kiingereza. “Huyu ni mama yangu mdogo.”

Mwalimu akacheka, maana Marie-Claire alikuwa pande la mtu. Kisha kicheko kikakatika. “Kwa hiyo wewe ni anti yake?”

Hakuwa na ubaya. Lakini hao wasio na ubaya ndio wanaokwenda kuripoti, tena kwa huruma.

“Hapana,” Marie-Claire akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. “Mama ni mimi. Thérèse ni mwanasesere wake. Alivunjika.”

“Oh, pole, mpenzi,” Miss Marion akamwinamia mtoto. “Ila kwenye mti tunaweka watu wa kweli tu, sawa?”

Armelle hakumtazama mwalimu. Alimtazama mama yake, akingoja aseme kwamba anatania. Marie-Claire alitamani ardhi immeze. Alimchukia mwalimu, akauchukia mti, akajichukia mwenyewe zaidi.

“Toa ile jani, Armelle,” akamwambia kwa Kiswahili.

Gundi ilikuwa imeshashika. Mtoto alilibandua kwa kucha, likatoka vipande vipande, akavikusanya vyote kiganjani. Nyumbani alikuwa akisemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza, siku zote. Sasa alijibu Kiswahili.

“Nimutupe wapi?”

Marie-Claire akamwonyesha ndoo ya taka.