Matembezi ya Urithi Yaliyoishia kwa Shangazi Justina

Dominika alirudi Sumbawanga baada ya miaka mingi ya kuwatembeza wageni Mji Mkongwe wa Unguja, akiwaonyesha milango ya nakshi na kuongeza chumvi pale historia ilipopwaya. Alirudi akiamini kwamba hata kwao kuna ya kuonyesha. Majirani walicheka. Huku juu watu wanatembea kwa miguu tangu walipojifunza kusimama. Mtu anayetoka Dar es Salaam kuja kutembea kwa hiari yake, walisema, huyo si mtalii, ana matatizo nyumbani.

Hakuwajali. Akapanga njia: soko la nafaka, duka la mzee Hamis ambalo lilianza na babu yake, kanisa, kisha kupanda mlima hadi kwenye tanuru la udongo ambamo Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma. Akapatana na Ridhiwani, dereva wa bodaboda, awabebe watakaochoka.

Kundi la kwanza lilifika mwezi wa saba, wastaafu wa Dar waliokuwa wakielekea maporomoko ya Kalambo. Walikuja na kofia za jua. Baridi ya Ufipa haikuwauliza walikotoka. Kufika sokoni wakavamia mitumba, na kiongozi wao, mzee Polikarp, aliyewahi kuwa bosi wa forodha, akatoka amevaa koti la kike la zambarau lenye manyoya shingoni.

Dukani, mzee Hamis aliwasimulia habari za babu yake tangu kuzaliwa. Babu alipofikia kutahiriwa, wageni wawili walikuwa wamelala juu ya magunia. Polikarp akanyoosha mkono na kuuliza wachawi wanakaa upande gani.

Dominika alilitegemea swali hilo. Akaeleza kwa adabu kwamba jina la mji maana yake ni tupa uchawi. Kwa hiyo waliokuwa nao walishautupa, na anayeutaka ajaribu jalalani. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamewaahidi wajukuu mchawi, na wajukuu hawadanganyiki kwa picha za duka.

Sasa, Ridhiwani alizaliwa katika ukoo wa wafanyabiashara, na moyo wake haukuvumilia kuona mteja anataka kitu halafu anakikosa. Dominika alipokwenda kumtafuta katekista mwenye ufunguo wa kanisa, Ridhiwani aliwanong'oneza wageni kwamba mtaa wa nyuma kuna mama mmoja ambaye uchawi wake aliutupa nusu tu. Akawapeleka kwenye nyumba yenye mbuzi mweusi uani. Mbuzi ndiye aliyemvutia. Mwenye nyumba hata hakumjua.

Dominika alirudi na ufunguo, hakukuta mtu. Muuza karanga akamwelekeza walikoelekea, na kadiri alivyokwenda ndivyo alivyozidi kuharakisha, maana njia ile aliijua tangu utoto. Wageni aliwakuta kwa shangazi yake, Justina, mwenyekiti wa kina mama wa parokia. Walikuwa wamejipanga uani, simu juu, na shangazi amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," alisema Polikarp, ambaye kwa umri angeweza kumzaa.

"Wewe ndiye wa kuamkiwa," shangazi akamjibu. "Mnapiga picha nini?"

Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba wameambiwa hapa pana mchawi.

Shangazi hakumtazama yule mwanamke. Alitazama barabarani, kuona nani mwingine amesikia. Dominika alipoona hivyo aliona aibu. Huko Dar neno hilo ni la kuchekea. Huku, mtaa huohuo wa shangazi, kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni tu. Watu wakamchomea nyumba kwa neno hilohilo, na sasa anaishi kwa mwanawe, kijijini Milepa, hathubutu kurudi.

Shangazi akaenda kufunga geti.

"Hilo neno huku linaua," alisema, wala hakupaza sauti. "Mmeniletea mchana, majirani wanaona. Basi hamtoki mpaka majirani wawaone mnafanya kitu kingine."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika ungo.

Kila Mtanzania anajua mchawi husafiri kwa chombo gani. Polikarp alirudi nyuma hadi akamkanyaga mbuzi, mbuzi akalalamika, na yule mwanamke akaanza Salamu Maria kuanzia katikati. Shangazi akaja na ungo wa pili, na wa tatu, akamimina ulezi, akawaambia wapepete.

Wakapepeta. Upepo wa Ufipa ukafanya kazi yake, makapi yakajaa kwenye yale manyoya ya zambarau, na mzee wa forodha akapiga chafya kama trekta linalokataa kuwaka. Ridhiwani, aliyekuwa akinyatia pikipiki yake, alikabidhiwa fimbo akapure masuke yaliyobaki. Shangazi alipita nyuma yao akirekebisha viwiko, akiwaambia waziwazi nani mvivu.

Dominika alikaa nao. Mikono ilipokuwa kazini, akaanza kuwaeleza habari za tanuru la chuma, na safari hii wakasikiliza, hata wakauliza maswali. Alifurahi, na furaha hiyo ilimuudhi kidogo. Miaka yote ile ya kusomea kazi, kumbe mgeni hasikilizi mpaka apewe ulezi wa kupepeta.

Jioni shangazi aliwapa togwa, akafungua geti. Polikarp aliomba radhi akiwa amevua kofia, na shangazi akapokea, ila akamwambia koti hilo limemkaa vizuri, asilivue.

Ridhiwani hakuachiliwa kirahisi hivyo. Jumapili iliyofuata, misa ilipokwisha, yeye mwana wa Kiislamu alisimama kwenye lango la kanisa kwa amri ya shangazi, akawatangazia watu kwamba alimzushia Mama Justina uongo, na kwamba ulimi wake ndio wenye kosa. Aliyasema yote akitazama viatu vyake.

Kina mama walimsikiliza hadi mwisho. Kisha mmoja akamuuliza kama ameoa. Wa pili akauliza pikipiki yake inabeba magunia mangapi. Akaondoka na mawili, yote ya kupeleka mashineni, na mama mwenye magunia amekaa nyuma yake, akimwelekeza njia ambayo Ridhiwani aliijua vizuri kuliko yeye.